Filamu Niipendayo Imemzushia Mama Yangu Kifo

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari jijini Mbeya, mume na baba wa watoto watatu, na kwa miaka mingi nimekuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ninayofundisha. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo walimu wenzangu wanalicheka, mke wangu halicheki hata kidogo, na mimi mwenyewe nimeshindwa kujua nilishike wapi.

Kuna filamu ya Kimarekani ya vichekesho vya vijana ambayo nimeipenda tangu nikiwa kidato cha pili. Inaitwa Ferris Bueller's Day Off, iliandikwa na kuongozwa na John Hughes na kutolewa mwaka 1986, ingawa mimi niliiona mwaka 1996. Mjomba wangu alikuwa mfanyakazi wa TAZARA, na mara kwa mara treni ilipomrudisha kutoka Zambia alikuja na kanda za video, ambazo tulizitazama nyumbani kwake Iyunga kwa deki iliyofunikwa kitambaa kama kitu cha kanisani. Televisheni binafsi zilikuwa zimeanza huku Bara miaka miwili tu nyuma, na kwetu sisi kanda ya video ilikuwa ndiyo dunia. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini hilo halikunizuia kuelewa.

Kwa wasioijua, kijana mmoja wa vitongoji vya Chicago anajisingizia ugonjwa, wazazi wake wanampapasa kipaji cha uso na kumwacha kitandani kwa huruma. Wakishaondoka, anamwinua rafiki yake Cameron, ambaye ndiye mgonjwa wa kweli au angalau anajiona hivyo, na kumshawishi watoe gereji Ferrari ya mwaka 1961 ambayo baba yake Cameron anaipenda kuliko mtu yeyote. Wanamtoa shuleni msichana aitwaye Sloane, kisha wanazurura mjini siku nzima: uwanja wa besiboli wa Wrigley Field, jumba la sanaa, na gwaride la barabarani ambako Ferris anapanda juu ya gari la mapambo na kuimba mbele ya umati. Nyuma yao yupo Rooney, msimamizi wa nidhamu wa shule, anayeacha ofisi yake kwenda kumsaka mtoro mmoja na kuambulia mbwa na matope.

Mshauri, mimi sijawahi kutoroka shule. Nilikuwa mtoto wa kwanza, baba alikuwa amekwisha kufariki, na ada yangu ilitoka katika mpunga wa mama huko Kyela, kwa hiyo hata nilipokuwa na homa ya kweli nilikwenda darasani. Labda ndiyo sababu filamu ile ilinishika. Hadi leo, jioni za Jumapili nikichoka, huichomeka flashi kwenye kompyuta yangu na kuitazama, na watoto wamezoea kusikia baba yao akicheka peke yake sebuleni.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mwalimu wa darasa wa kijana wangu, ambaye yuko kidato cha tatu katika shule nyingine hapa jijini. Alinipa pole kwa msiba wa mama yangu mzazi, na akaniarifu kwamba walimu wameanza kuchanga rambirambi. Nilikaa chini. Sikumbuki nilivyokata simu hiyo, nakumbuka tu kwamba nilimpigia mama, na kwamba alipopokea na kuniuliza mbona napiga saa za kazi, nilishindwa kumjibu kwa muda mrefu.

Ukweli ulipatikana jioni. Asubuhi ile rafiki wa kijana wangu, ambaye sauti yake imekwisha kuwa nzito, alipiga simu shuleni akijifanya baba mdogo, akasema bibi amefariki na kijana anahitajika kusafiri. Kisha wote wawili, pamoja na mwenzao wa tatu, wakapanda Costa hadi Kiwira kutazama Daraja la Mungu, wakala ndizi za kuchoma, wakarudi kwa muda uleule wa siku zote. Nilipomuuliza mwanangu amepata wapi moyo wa kumzushia bibi yake kifo, aliinamisha kichwa akasema, bila ufedhuli wowote, "Baba, si ile sehemu unayocheka kuliko zote?" Na kweli. Katika filamu, Sloane anatolewa shuleni kwa uongo wa kifo cha bibi, Cameron akiigiza kwenye simu sauti ya baba wa msichana huku Rooney akitetemeka, na hapo mimi hucheka mpaka machozi.

Mke wangu anataka flashi ile iharibiwe mbele ya watoto. Wadogo zangu wanasema kijana apelekwe Kyela akaombe radhi mbele ya wazee, kwa maana kwetu kifo hakitajwi kwa mzaha. Mama mwenyewe amecheka sana, na ametuma ujumbe kwamba aletewe hiyo picha iliyomuua aione. Shuleni kwangu kila wiki naletewa watoro, na sasa nikifungua kinywa kuwaonya naisikia sauti ya mwanangu. Je, niachane na filamu hii? Na nitamwonya kijana wangu kwa uso gani?

Mwalimu wa Nidhamu, Mbeya

Mwalimu wangu mpendwa,

Pole kwanza kwa dakika zile kati ya simu mbili. Walimu wenzako wanaokucheka hawakuwapo ulipokuwa ukisubiri mama apokee, na nadhani hata familia yako haijakupa pole ya jambo hilo, kwa sababu kila mmoja alirukia kwenye kosa la kijana. Mtu aliyefiwa kwa dakika chache amefiwa, na kurudi katika hali ya kawaida hakumjii kwa sababu tu habari imegeuka kuwa ya uongo. Ningefurahi kama kijana wako angelisikia hili kutoka kwako kabla ya kusikia neno lolote kuhusu filamu, utoro au adhabu.

Naomba nirudie tatizo lako kama nilivyolielewa, unisahihishe nikikosea. Unaipenda hadithi ya mtoro, na umepewa kazi ya kuwashughulikia watoro. Kwa miaka mingi mambo hayo mawili yaliishi ndani yako bila kugombana, kwa sababu moja lilikaa sebuleni Jumapili na jingine ofisini Jumatatu. Sasa mwanao ameyakutanisha, na unahisi kwamba lazima moja liondoke ili lingine lipate heshima. Hapo ndipo ningependa tutulie kidogo, maana sina hakika kwamba lazima hiyo ipo.

Tuanze na dhana kwamba filamu ndiyo iliyomfundisha kijana. Wewe ni mwalimu wa nidhamu, kwa hiyo unajua kuliko mimi ni mabibi wangapi hufariki katika Nyanda za Juu Kusini wiki ya mitihani, na wengine kati yao wamekwisha kuzikwa muhula uliotangulia. Wajukuu waliowaua hawajawahi kuisikia filamu yako. Uongo huo ni wa zamani, na unafanya kazi vizuri zaidi kwetu kuliko Chicago, kwa sababu kwetu hakuna mwalimu atakayethubutu kumhoji mtoto aliyefiwa. Filamu ilimpa mwanao kitu kidogo zaidi, ingawa kwako kinauma zaidi: ilimwonyesha kwamba uongo huo unamfurahisha baba. Hakuwa akikukejeli aliposema yale maneno. Naona alikuwa akikueleza kwa unyoofu jinsi hesabu yake ilivyokwenda.

Basi swali la kweli ni wewe hucheka nini pale. Sidhani kama unacheka kifo. Nadhani unacheka kumwona mtu mwenye cheo kama chako akiyumba, na unacheka ukiwa umekaa salama, kwa kuwa katika vichekesho vya namna ile gharama za mambo huwa zimeondolewa mapema. Bibi yake Sloane hana sura katika hadithi ile. Hatumwoni, hatusikii kikohozi chake, hakuna anayempigia simu kuhakikisha. Matthew Broderick, aliyemwigiza Ferris, alikuwa na miaka 23 filamu hiyo ilipopigwa mwaka 1985, na Alan Ruck, aliyemwigiza Cameron, alikuwa na miaka 29. Yaani kijana wa Iyunga aliyekwenda shule na homa yake alikuwa akiwaonea wivu watu wazima waliomaliza shule na kulipwa kwa kuigiza utoro. Hata Ferrari iliyoharibika ilikuwa ya kuigiza. Mwanao yeye alitumia vitu halisi, bibi halisi wa Kyela na walimu waliokwisha kutoa fedha zao mifukoni. Jambo hilo halielezwi popote katika filamu, na sidhani kama kuna mtu amekwisha kumweleza. Hizo fedha za rambirambi, kwa njia, zilirudishwa? Barua yako haisemi, na kama hazijarudishwa, hilo lisisubiri kikao cha wazee.

Lakini nisiionee filamu yako, kwa sababu sehemu moja yake inalipa gharama waziwazi, nawe katika barua yote hukuitaja hata kwa sentensi moja. Wanaporudi gereji na kushindwa kurudisha nyuma kipimo cha kilomita, Cameron anaanza kulipiga teke gari la baba yake, analibonda, na mwishowe gari linaponyoka, linapasua kioo na kutumbukia korongoni. Ferris anajitolea kubeba lawama. Cameron anakataa, anasema atamngoja baba yake na watazungumza. Kabla ya hapo, katika jumba la sanaa, wenzake wakiwa wanafurahi, yeye alisimama peke yake mbele ya mchoro mkubwa wa Georges Seurat akimtazama mtoto mmoja katika mchoro huo, na kadiri alivyousogelea ndivyo uso wa mtoto ulivyoyeyuka ukawa madoa ya rangi. Mimi nimeitazama filamu hii pia, na kwa maoni yangu hadithi ni ya Cameron. Ferris ni kelele tu za kutufikisha kwake. Unaweza usikubaliane nami. Ila nakuuliza, ulipokuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa kwanza uliyebeba ada ya mpunga na hofu ya kumwangusha mama, ulijiona kuwa nani kati ya hao wawili?

Nakuuliza kwa sababu naona unaogopa umegeuka kuwa Rooney, na mimi sioni hivyo. Kosa la Rooney halikuwa kuwafuatilia watoro, hiyo ni kazi yake kama ilivyo yako. Kosa lake ni kwamba aliacha shule nzima kumwandama mtoto mmoja aliyemwonea kinyongo, akaingia nyumbani kwa watu bila ruhusa, na wakati wote huo hakuwahi kujiuliza kwa nini Cameron, ambaye naye hakuwapo shuleni, alikuwa kitandani akitamani kufa. Mtu anayeandika barua ndefu kuuliza atamwonya mwanawe kwa uso gani hajafika huko.

Sasa tuyatazame yanayopendekezwa. Kuiharibu flashi mbele ya watoto kungempa mke wako utulivu wa jioni moja. Kijana wa kidato cha tatu mwenye simu anaweza kuipata filamu hiyo tena kabla hujamaliza kufagia vipande, na safari hii itakuwa na utamu wa kitu kilichokatazwa. Isitoshe, utakuwa umewaambia watoto kwamba furaha ya miaka mingi ya baba yao ilikuwa uovu wakati wote, jambo ambalo wewe mwenyewe huliamini. Hata hivyo nakusihi usimpuuze mama watoto. Sidhani kama ugomvi wake ni na filamu. Yeye ndiye mkwe, na jambo hili likifika Kyela likiwa limetiwa chumvi, swali la kwanza halitakuwa baba alitazama nini, litakuwa mama amelea vipi. Mumewe ameangukiwa na jambo zito na bado anaonekana kuitetea picha ya Wamarekani. Ungemwuliza nini hasa kilimuumiza siku ile, ukakaa kimya mpaka amalize, huenda flashi ikashuka thamani machoni pake bila kuvunjwa. Na kama baada ya hapo bado ataomba usiitazame sebuleni kwa muda, si ombi kubwa.

Kuhusu kwenda Kyela, naona wadogo zako wana hoja, ila ningekuwa mwangalifu na namna. Mbele ya baraza la wazee, kijana anaweza kujifunza kuinamisha kichwa na kutamka maneno yanayotakiwa, na hapo akapona haraka mno. Au akadhalilika kiasi kwamba atakumbuka fedheha na kumsahau bibi. Kwa upande mwingine, akienda kwa bibi peke yake, bibi atacheka, atampikia, na jambo litaisha kwa kitoweo. Kicheko cha mama yako kinanifurahisha, lakini sikichukulii kuwa jibu la mwisho. Wazee wetu hucheka habari ya kifo chao ili kutuondolea mzigo, na anaweza kuwa na neno la kumwambia mjukuu ambalo hatalisema mbele ya watu wala mbele yako. Wape nafasi ya wawili hao kukaa bila wewe.

Ipo pia njia ambayo hukuitaja, ya kuitazama filamu hiyo pamoja na mwanao. Nimesita kuiandika kwa sababu inavutia mno kwa watu kama mimi wanaoamini mazungumzo, na ina hatari zake. Anaweza kuiona kama ruhusa. Anaweza kuchoka, kwa kuwa vijana wa sasa wana vichekesho vyao, na wewe ukaumia kwa namna mpya. Hatari kubwa kuliko zote ni kwamba wewe ni mwalimu: utasimamisha picha kila baada ya dakika tano kueleza funzo, na jioni hiyo itageuka kuwa kipindi cha ziada. Kama utaichagua njia hii, ningekuomba usifundishe. Mwambie ulikuwa na umri gani, mlikaa wapi, kwa nini siku moja ya kutokuwajibika ilikuwa kitu kikubwa namna ile kwa mtoto ambaye hakuwahi kuipata. Sijui kama amewahi kuambiwa kwamba ada yako ilitoka katika mpunga wa bibi huyohuyo. Watoto wengi hujua historia ya nchi tangu Vita vya Maji Maji na hawajui ada ya baba zao ilitoka wapi.

Unauliza kama uachane na filamu. Siwezi kukujibu, na sidhani kama ni lazima uamue mwezi huu. Kupenda kitu cha ujanani si utoto. Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo si watu wa mzaha, iliiingiza filamu hiyo mwaka 2014 katika orodha ya filamu za taifa lao zinazostahili kuhifadhiwa. Huenda ukaitazama tena na usicheke sehemu ile ya simu, na hilo halitakuwa na maana kwamba umeipoteza. Huenda pia ukacheka, na ukashangaa. Kuhusu watoro wanaoletwa ofisini kwako, sauti ya mwanao unayoisikia inaweza isiwe kikwazo kama unavyoihesabu. Inaweza kukufanya umuulize mtoto alikwenda wapi kabla ya kumuuliza kwa nini hakuja. Majibu hayo mawili hutofautiana sana, nawe unajua.

Kuna mtu mmoja amebaki, nami nimemfikiria kuliko wote. Umeandika juu ya mke, wadogo zako, mama, walimu wenzako na mwanao, lakini kijana mwenye sauti nzito aliyepiga ile simu amepita katika barua yako kwa sentensi moja. Katika filamu, sauti ya kwenye simu ilikuwa ya Cameron, yule aliyeogopa kila kitu na ambaye hakuna mtu mzima aliyemuuliza habari zake. Wa kwako naye alibeba sehemu nzito zaidi ya uongo kwa ajili ya bibi asiyekuwa wake. Je, alisukumwa, au alijitolea? Nyumbani kwao wanajua? Yupo mtu anayengoja kuzungumza naye, au anayengoja kumpiga? Sikuambii umchukue Kyela pamoja na mwanao, kwa kuwa huyo ana wazazi wake na lazima waulizwe kwanza. Lakini kabla ya safari, tafuta njia ya kuonana nao kama mzazi kwa mzazi, cheo chako ukiwa umekiacha shuleni, kisha uniandikie walisema nini.

Mshauri wako